Kulwa na Doto: Namna ya Kuchagua Kati ya Toyota 86 na Subaru BRZ

Saa tano usiku mpwa wangu alinitumia picha mbili, gari jekundu na gari la buluu, na chini yake neno moja: "Lipi?" Jekundu lilikuwa Toyota GR86, la buluu Subaru BRZ, yote ya mwaka 2022, yote ya gia za mkono. Nikamjibu kwa swali: "Yamevaa tairi gani?"

Akakaa kimya kidogo, kisha akaandika: "Mjomba, mimi nakuuliza gari, wewe unaniuliza tairi."

Nina sababu zangu. Nina Toyota 86 ya kizazi cha kwanza, ya 2013, na huu ni mwaka wa saba niko nayo; GR86 ni jina la 86 ya kizazi cha pili. Shemeji yangu ana BRZ ya mwaka huohuo. Chini ya magari hayo mawili tumelala mara nyingi kuliko tulivyolala kwenye makochi ya nyumbani kwetu, na wake zetu watathibitisha. Nitakayoyaeleza hapa ndiyo niliyomwambia mpwa wangu kwenye simu kwa muda wa wiki mbili, ila nimeyapanga kidogo na kuondoa sehemu tulizogombana.

Usitafute tofauti pasipo na tofauti

Magari haya hutengenezwa kiwanda kimoja, cha Subaru, mjini Ota katika mkoa wa Gunma, Japani, na imekuwa hivyo tangu 2012. Injini ni ya Subaru, ile bapa, silinda nne zimelala mbili kushoto na mbili kulia. Mfumo wa mafuta, unaoitwa D-4S, ni wa Toyota, nao hupuliza mafuta ndani ya silinda moja kwa moja na vilevile kwenye njia ya hewa. Fungua boneti ya gari langu utakuta juu ya injini pameandikwa majina yote mawili. Fungua ya shemeji, utakuta hivyohivyo. Giaboksi ya mkono ya gia sita ni ileile. Difu ni ileile, ya Torsen, inayogawa nguvu kati ya tairi mbili za nyuma. Mbele kuna strati, yaani nguzo ya springi na shokapu, nyuma kuna mikono miwili juu na chini. Milango, paa, vioo, viti vya nyuma visivyomfaa mtu mwenye magoti: vyote sawa.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema injini ya Toyota ni ngumu kuliko ya Subaru, na anazungumzia magari haya, mpe kiti akae, halafu badilisheni mada.

Kuna watu hupenda kusema 86 ni Subaru iliyobandikwa nembo. Si kweli pia. Wazo la gari jepesi, la injini mbele na msukumo nyuma, lisilo na taabo, yaani kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini, lilikuwa la Toyota, na mhandisi mkuu alikuwa Tetsuya Tada. Namba 86 waliirudia kutoka AE86, Corolla na Sprinter za miaka ya 1980, kisha wakaipenda kupita kiasi: kwenye injini ya kwanza ya lita 2.0, kipenyo cha silinda ni milimita 86 na mwendo wa pistoni ni milimita 86. Hata hiyo injini bapa haikuwa ngeni kwao. Toyota Sports 800 ya 1965 ilikuwa na injini bapa ya silinda mbili iliyopozwa kwa hewa. BRZ nayo jina lake limeficha maelezo: B ni ya bokseri, yaani injini bapa, R ni ya msukumo wa nyuma, na Z ni ya neno lenye maana ya kilele.

Jumamosi ya spana namba 19

Tulipokuwa wageni wa magari haya, mimi na shemeji tulikuwa na ubishi wa kila wiki. Yeye alisema BRZ yake inanata barabarani, inaingia kwenye kona kama imepangiwa njia. Mimi nilisema ya kwangu ina wepesi, inacheza, ukiigusa inajibu. Tulibadilishana magari na kila mmoja akakubali kwamba mwenzake anasema kweli: BRZ inanata, 86 inacheza. Tukasoma kwamba Subaru waliweka springi ngumu zaidi mbele na laini zaidi nyuma kuliko Toyota. Basi, tukajiona mafundi. Sababu tumeipata.

Miezi minane baadaye, Jumamosi moja, shemeji akasema tujaribu kitu. Tukayapandisha magari yote mawili kwenye jeki na stendi, tukatoa tairi zote nane kwa spana namba 19, tukahamishia zake kwangu na zangu kwake. Nati tano kila gurudumu, mpangilio uleule, zinaingiliana bila neno. Tukajaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, tukatoka.

Kona ya tatu shemeji alianza kucheka peke yake. Gari lake sasa lilikuwa linacheza. La kwangu lilikuwa linanata.

Mimi nilikuwa nimebaki na tairi za aina ileile iliyotoka kiwandani, Michelin Primacy HP za 215/45 R17, tairi za utulivu na kuokoa mafuta ambazo zilifungwa hata kwenye baadhi ya Prius. Toyota waliziweka makusudi ili gari liteleze mapema na kwa upole. Yeye mwenye gari wa kwanza alikuwa amemwachia tairi za upana wa 225, mpira laini. Ubishi wa miezi minane ulikuwa ni ubishi wa mpira.

Hapo ndipo lilipotoka lile swali langu kwa mpwa. Magari mawili yanayofanana hivi ukiyajaribu yakiwa na tairi tofauti, unachopima ni tairi, na utakwenda kununua gari kwa sababu ya kitu kitakachoisha ndani ya miaka miwili. Kizazi cha pili mtego huu umezidi, maana matoleo ya chini yalitoka na zilezile Primacy za inchi 17, na ya juu yakatoka na Michelin Pilot Sport 4 za 215/40 R18. Mtu anaweza kuendesha GR86 ya chini asubuhi na BRZ ya juu mchana, akarudi nyumbani anaapa kwamba Subaru wanajua kutengeneza gari.

Kwa hiyo kabla ya yote soma ubavu wa tairi. Aina, saizi, na zile tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa: 1522 ni wiki ya 15 ya mwaka 2022. Tairi za mbele zikiwa za kampuni nyingine na za nyuma nyingine, usimpe gari hilo sifa wala lawama yoyote kuhusu kona. Beba geji yako ya upepo. Geji ya dola chache imewahi kuniokoa kutoka kwenye maoni mengi ya kijinga.

Kilichobaki baada ya kubadilishana tairi

Hakikuwa sifuri, lakini kilikuwa kidogo, na nitakueleza mahali pa kukitafuta.

Kwa kizazi cha pili takwimu zilitolewa hadharani gari lilipozinduliwa Japani. Springi ya mbele ya BRZ ina ugumu wa niutoni 30 kwa milimita, ya GR86 ni 28. Nyuma, BRZ ni 35, GR86 ni 39. Stabilaiza ya mbele ya BRZ, yaani fimbo inayozuia gari kulalia upande kwenye kona, ni bomba lenye uwazi la milimita 18.3, ya GR86 ni chuma kizima cha milimita 18. Ya nyuma BRZ ni milimita 14, GR86 ni 15. Zaidi ya hapo, kile kipande cha mbele kinachoshika beringi ya gurudumu ni cha alumini kwenye BRZ na cha chuma cha kumimina kwenye GR86.

Maana yake kwa mwili wako ni hii. GR86 imewekewa nyuma ngumu kuliko mbele kwa tofauti kubwa zaidi, kwa hiyo kwenye kona mkia unashiriki mazungumzo mapema. BRZ mbele na nyuma zimekaribiana, pua inaamua, mkia unafuata. Wengine hueleza jambo hili kana kwamba GR86 ni farasi asiyefungwa. Hapana. Ni gari moja lenye tabia mbili za kukaa kwenye kiti.

Kuipata tofauti hiyo, tafuta kipilefti kikubwa, kisicho na magari, lami kavu, asubuhi mapema. Acha mfumo wa kuzuia kuteleza ukiwa umewashwa. Gari si lako, na hata likiwa lako. Gia ya pili, mwendo wa kilometa 40 kwa saa, zunguka mara moja na mguu umetulia kwenye mafuta. Angalia mikono yako, usiangalie barabara peke yake: je, usukani unakuomba uongeze pembe kidogo kila baada ya muda, au umekaa ulipouweka? Zunguka tena, kisha katikati ya mzunguko inua mguu polepole, kama unayetoa mguu kwenye maji bila kutaka yatikisike. Kwenye BRZ utahisi pua inaingia ndani taratibu, kama mtu aliyeitwa jina anayegeuza shingo. Kwenye GR86 utahisi kiuno cha gari kimegeuka pamoja na shingo. Kiti chako ndicho kitakachokwambia, si macho. Kama hukuhisi chochote, usijilazimishe na usijisikie vibaya. Umejibiwa. Wewe chagua kwa mambo mengine, na yapo mengi yenye uzito kuliko haya.

Fanya majaribio yote mawili siku moja, wewe mwenyewe usukani, na idadi ileile ya watu ndani. Mpwa wangu alijaribu jekundu akiwa peke yake na la buluu akiwa na muuzaji mwenye kilo zake pembeni. Nikamrudisha.

Kizazi kina uzito kuliko nembo

Hapa ndipo watu hupoteza muda. Kama unasita kati ya 86 ya 2015 na BRZ ya 2022, sahau habari za springi, hayo si mapacha tena. Kizazi cha kwanza kina injini ya lita 2.0, nguvu za farasi 200, na nguvu ya kuvuta ya Nm 205 ambayo inafika kilele chake juu kabisa, karibu na mizunguko 6,400 ya injini kwa dakika. Kizazi cha pili kina lita 2.4, farasi 228 kwa magari ya Marekani, na Nm 250 zinazofika kilele kwenye mizunguko 3,700. Mwendo wa pistoni ulibaki 86. Walipanua silinda hadi milimita 94.

Karatasini ni namba. Barabarani ni lori mbele yako, mlima, gia ya nne. Gari langu lina shimo katikati, kuanzia mizunguko elfu tatu na kitu hadi 4,500 hivi. Unakanyaga, sauti inapanda, lakini mgongo hauhisi kitu, kama umemwita mtoto anaangalia katuni. Halafu ghafla anaitika. Miaka saba nimelizoea hilo shimo, nashuka hadi gia ya tatu bila kufikiri. Nilipoendesha GR86 ya picha ile nilishusha gia kwa mazoea, nikakuta sikuhitaji. Toyota walitaja sekunde 7.6 kutoka sifuri hadi kilometa 100 kwa saa kwa gari langu la gia za mkono, na 6.3 kwa GR86. Mimi sijali sana hizo sekunde, ila lile shimo kuzibwa nalijali.

Katikati yao kuna mabadiliko ya modeli ya 2017, ambapo magari ya gia za mkono ya soko la Marekani yalipata farasi 205 na difu yenye uwiano wa 4.3 badala ya 4.1. Hayaondoi shimo, yanalipita haraka kidogo. Kama unanunua kizazi cha kwanza, hayo ndiyo ya kutafuta.

Kwa haki, kizazi cha kwanza kina kitu kimoja ninachokipenda. Sauti ya injini inaletwa ndani kwa bomba halisi kutoka njia ya hewa. Kizazi cha pili kinaisaidia kwa spika. Shemeji anasema ni mwimbaji aliyefunguliwa kanda akawa anachezesha midomo. Mpwa wangu anasema hasikii tofauti, wazee tuache nongwa.

Sasa chagua gari, si modeli

Ukishajua kizazi, weka nembo zote mbili kwenye kapu moja na utafute gari zuri kuliko yote kwenye kapu hilo. Ukitaka BRZ kwa nguvu zote utasamehe BRZ mbovu. Mimi nilisamehe 86.

Nilikwenda kuliona jioni, mvua ikiwa imetoka kukatika. Rangi yote huonekana nzuri ikilowa. Usukani ulikuwa umepinda kidogo kulia gari likienda moja kwa moja, muuzaji akasema ni alaimenti tu. Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Baadaye fundi akanionyesha boliti mbili zinazounganisha strati na gurudumu la mbele kulia: zilikuwa zimezungushwa hadi mwisho wa uwezo wake ili kuficha pembe iliyoharibika. Ndani ya ubavu, boliti za fenda zilikuwa na mikwaruzo ya spana kwenye rangi. Gari liligongwa pua. Nimebadilisha mkono wa chini, nimebadilisha strati, usukani sasa umenyooka, lakini hadi leo upande wa kulia hula tairi kwa ndani kuliko kushoto. Kwa hiyo nenda mchana, gari likiwa kavu, na anza na vichwa vya boliti chini ya boneti. Boliti ya kiwandani ina rangi nzima.

Kwa magari ya mwanzo, yale ya 2012 na 2013, uliza habari za springi za valvu. Mwishoni mwa 2018 magari hayo, ya nembo zote mbili, yaliitwa yarudi kutengenezwa kwa sababu springi hizo zingeweza kuvunjika. Kwenye injini bapa kazi hiyo si ya kufungua kifuniko na kufunga. Injini inashushwa. Na baada ya hapo baadhi ya injini zilikufa mikononi mwa wenyewe, kwa kuwa aliyezifunga alipaka silikoni nyingi ya kuzibia maungio, ikachuruzika ndani na kuziba njia za oili. Kwa hiyo maswali ni matatu: ilifanyika, nani aliifanya, na gari limetembea kilometa ngapi tangu siku hiyo. Jibu la tatu ndilo bora. Lililotembea kilometa 30,000 baada ya kazi limeshajithibitisha. Lililotoka juzi ni bahati nasibu. La kwangu liliporudi, nilimwaga oili baada ya kilometa 1,000, nikaichuja kupitia kitambaa cheupe juu ya beseni, na mke wangu akanikuta nimepiga magoti nakitazama kile kitambaa kwa tochi. Kilikuwa safi. La shemeji nalo vilevile.

Kizazi cha pili hakina hadithi ya springi, ila silikoni haikuacha familia: wamiliki wamekuta vipande vyake kwenye chujio la oili ndani ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Pia wanaokimbiza magari haya kwenye viwanja vya mbio wameona mgandamizo wa oili ukishuka kwenye kona ndefu za kulia, hasa wakiwa na tairi zinazonata sana. Kwa mtu wa barabara za kawaida hilo lisimkoseshe usingizi. Lakini linakufanya utake kujua gari lilikuwa linafanya nini wikiendi. Muuzaji atasema halijawahi kuingia uwanjani. Kilaze kiti cha nyuma utazame mgongo wake: nafasi ile hutosha tairi nne, Toyota wenyewe waliisifia hivyo, na tairi zikibebwa huacha alama nyeusi. Pitisha mkono ndani ya fenda za nyuma utafute chembe za mpira zilizoyeyuka na kuganda. Tazama diski za breki kama zina rangi ya buluu. Tazama mlangoni, jua likiwa ubavuni, kama kuna kivuli cha namba iliyobanduliwa. Uwanja si dhambi, na mwenye gari anayekwambia ukweli na kukuonyesha risiti za oili kila baada ya siku ya mbio ni bora kuliko anayeapa.

Kisha zima redio na usikilize injini ikiwa baridi. Hili liliwahi kunitisha bure, kwa hiyo lichukue. Kizazi cha kwanza pampu ya mafuta ya mgandamizo mkubwa hulia kama nyenje, chiri-chiri-chiri, gari likiwa limesimama. Kanyaga klachi. Sauti ikiendelea, ni pampu, zoea. Sauti ikikatika ulipokanyaga na kurudi ulipoachia, au ikibadilika waziwazi, fikiria beringi ndani ya nyumba ya klachi, na hiyo ni kushusha giaboksi. Sauti zinafanana kiasi kwamba nimewahi kumwona fundi mzima akitaka kufungua giaboksi kwa kosa la pampu.

Yaliyobaki ni ya haraka. Taa za nyuma za kizazi cha kwanza huingia unyevu. Plagi ziko ubavuni mwa injini, zimebanwa na bodi, kwa hiyo kama kilometa zinakaribia 100,000 uliza kama zimebadilishwa, kwa sababu watu huikimbia kazi hiyo. Mkanda wa taiming usikupe shida, ni cheni. Mwenye gari aliyeweka taabo na kurudisha kila kitu cha kiwandani kabla ya kuuza huacha athari ndogo: klipu mpya kwenye mipira ya maji, boliti zinazong'aa pasipostahili, mabomba yaliyochimbwa tundu na kuzibwa.

Mambo ya kuishi nalo

Uliza bima ya magari yote mawili kabla hujapenda moja. Majina tofauti yanaweza kuleta malipo tofauti kwa chuma kilekile. Uliza pia ni karakana ipi karibu nawe imewahi kushusha injini hii, si karakana ya nembo ipi ina sakafu inayong'aa. Vipuri vingi vinaingiliana, kwa hiyo linganisha pande zote mbili kila unapoagiza. Mimi nimenunua vitu vya Subaru kwa ajili ya Toyota yangu bila aibu.

Ukitaka otomatiki, mambo yanageuka kidogo. Wakati wa uzinduzi BRZ za otomatiki ndizo zilizokuja na EyeSight, mfumo wa kamera wa kuonya na kufunga breki, na zile za gia za mkono za Marekani ziliupata kuanzia modeli ya 2024. Mwaka huohuo ilikuja BRZ tS yenye breki za Brembo na shokapu za Hitachi. Lakini breki za Brembo zilipatikana pia kwenye baadhi ya GR86, kwa hiyo hazimalizi mjadala. Na Ulaya mjadala haupo kabisa kwa kizazi cha pili, BRZ haikuuzwa huko.

Halafu kuna sura. Watu wazima huona haya kusema wamechagua gari kwa uso wake. GR86 ina mdomo mpana mweusi wenye pembe, BRZ ina mdomo mwembamba unaotabasamu na taa za mchana zenye umbo la herufi C. Utaliona gari hili kila asubuhi ukitoka mlangoni, na tofauti ya niutoni mbili kwenye springi ya mbele hutaiona. Kama magari mawili yamepita mtihani wa tairi, boliti, karatasi na masikio, na wewe unaligeukia moja kulitazama ukishalifunga, nunua hilo.

Mpwa wangu alikuwa anataka jekundu tangu usiku ule, nilimjua. Tulipokwenda kuyaona, GR86 ilikuwa na tairi mbili za Pilot Sport mbele na mbili za kampuni nisiyoijua nyuma, na mwenye gari hakukumbuka oili ilimwagwa lini. BRZ ilikuwa na tairi nne zilizotengenezwa wiki ileile, daftari la huduma limejazwa kwa mwandiko mmoja, na mama mmoja mtu mzima aliyesema anauza kwa sababu goti halitaki tena klachi. Mpwa alizunguka kipilefti mara sita. Akashuka, akasema hakuhisi hiyo shingo wala hicho kiuno ninachokisema, na kwamba buluu si mbaya.

Siku ya tatu asubuhi akanipigia ana wasiwasi: gia ya pili ni ngumu, inakataa kuingia. Nikamuuliza gari limetembea umbali gani tangu kuwashwa. Akasema hata halijafika barabara kubwa. Nikamwambia asiilazimishe, atoke na ya kwanza aende ya tatu moja kwa moja mpaka oili ya giaboksi ipate moto, maana langu nalo hufanya hivyo kila asubuhi, na la shemeji pia.